Mama Subiri Alipokataa Kusaga

Wenzake kazini walimwita Mama Subiri, ingawa hakuwa na mtoto wa jina hilo. Kila mgonjwa aliyeingia akasema ling'oe tu yaishe, yeye alijibu: subiri kwanza, nilione. Alikuwa tabibu wa meno katika kliniki ya serikali, mwaka wake wa kumi na tisa, chumba namba nne. Kiti cha wagonjwa kilipasuka ngozi mkononi, akakiziba kwa plasta ya vidonda.

Asubuhi moja aliingia mama mmoja fundi cherehani, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, amemshika mkono binti yake. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alipoulizwa umri, alijibu kwa vidole vya mkono wa pili. Vilipomwishia akiwa kwenye tano, mama yake akamalizia kwamba ni kumi na mbili.

Fundi alieleza kwamba meno ya mbele ya mwanawe yalitoka na mabaka tangu siku ya kwanza. Shuleni walimwita Kutu. Mwalimu wake alimsimamisha mbele ya darasa na kumwamuru apige mswaki, naye akapiga kila siku mpaka fizi zikavuja damu. Sasa daktari mkuu wa kliniki alikuwa amemwandikia karatasi: meno manne yasagwe pande zote, kisha yavishwe kofia za meno bandia. Kazi ya kusaga alipewa Mama Subiri.

Akawasha taa, akatazama. Mabaka yalikuwa meupe kama chaki, isipokuwa moja lililokuwa na rangi ya chai. Hapakuwa na tundu wala kuoza. Akamwuliza fundi kama mtoto aliugua akiwa mchanga. Fundi akasema alilazwa mara mbili kwa homa kabla hajatimiza miaka miwili.

Mama Subiri akasema chanzo hasa huwa vigumu kukijua, lakini pengine ni hapo. Meno hayo hujijenga ndani ya ufizi mtoto akiwa bado mdogo, na gamba lake la nje likikatizwa katikati ya kazi, halikomai vizuri. Kisha akamgeukia binti.

"Huu si uchafu, mwanangu. Mswaki hauna kosa, na wewe huna kosa."

Kiganja kikashuka polepole.

Akachovya pamba kwenye spiriti, akaipitisha juu ya jino. Baka jeupe likafifia papo hapo, kisha likarudi spiriti ilipokauka. Alilijua jambo hilo: baka linalofifia kwa spiriti, mara nyingi hufifia pia kwa dawa ya maji inayopenya ndani ya gamba na kugandishwa kwa mwanga. Hakuna sindano wala kusaga. Akaichukua ile karatasi na kwenda nayo moja kwa moja ofisini.

Daktari mkuu alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo hakuwa na muda wa hayo machache. Alisema kofia ni kazi ya mara moja, na foleni ya nje imefika getini. Mama Subiri akamwambia kwamba meno ni mazima, na mtoto bado anakua. Daktari akamkumbusha nani mkuu wa kliniki.

Hapo Mama Subiri akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya mbele ya mtu yeyote, hata mumewe. Akaingiza kidole mdomoni, akachomoa meno yake mawili ya mbele, akayaweka juu ya karatasi.

"Na mimi nilisagwa nikiwa na miaka kumi na mitatu," alisema, maneno yakipuliza upepo kwenye pengo. "Yangu pia yalikuwa na mabaka tu. Kofia ya kwanza ikatoka, ya pili ikaja na usaha. Nilipofika miaka ishirini na sita sikuwa na cha kuvisha. Daktari, mimi simsagi huyu mtoto. Ukitaka asagwe, tafuta mkono mwingine."

Daktari aliyatazama yale meno, akatazama dirisha. Akasema atamwandikia barua.

"Andika," akasema Mama Subiri. Akaokota meno yake, akayaosha kwenye sinki lile lile la ofisini, akayarudisha mahali pake na kuondoka.

Aliwaeleza fundi na binti yake ukweli wote: mabaka meupe yana matumaini, lile la rangi ya chai ni kaidi, na yeye hatoi ahadi. Binti ndiye aliyejibu, kabla ya mama yake: afanye.

Akayazungushia meno shuka la mpira ili fizi zisiguswe na asidi ya kufungulia gamba. Akapaka asidi, akahesabu dakika mbili, akasafisha, akakausha kwa spiriti. Palipokuwa bado peupe akarudia. Kisha akapaka ile dawa, akaiacha ipenye, akaimulika kwa taa ya bluu. Ilipita saa nzima na ushei, na foleni ilinung'unika kweli. Muuguzi wa mlangoni aliwajibu wote kwamba humo ndani wanasubiri, ndiyo kawaida ya chumba hicho.

Alipopewa kioo, binti alijitazama kwa muda mrefu. Mabaka meupe yalikuwa yamezama, usingeyajua. Lile la rangi ya chai lilibaki kivuli chembamba pembeni mwa jino. Mama Subiri akasema linaweza kufunikwa kwa utando mwembamba, siku nyingine, bila kuharibu kitu.

"Liache," akasema binti. "Atakayeliona atakuwa amenisogelea mno."

Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

Barua ya onyo ilifika baada ya siku nne. Mama Subiri aliisoma akiwa amesimama koridoni, akatia sahihi ya kupokea, na chini ya sahihi akaandika kwa herufi kubwa: NIMEELEWA, NA SITASAGA. Akaikabidhi kwa katibu. Ndani ya chumba namba nne walikuwa wanamngoja watoto wawili wa shule ya yule binti, kila mmoja ameziba mdomo.