Kipande cha Kitenge Mdomoni mwa Gunia

Magunia ya chisense, wale dagaa wa Ziwa Mweru, yanaposhushwa pale Kashikishi, ufukweni upande wa Zambia, huwezi kukuta jina la mtu juu yake. Wino unafutwa na maji kabla mtumbwi haujafika nusu ya njia. Kwa hiyo kila mama anayeagiza samaki visiwani hukata kipande cha kitenge chake mwenyewe na kukipeleka huko, na kipande hicho ndicho kinachofunga mdomo wa gunia. Mzigo ukifika, anashuka mchangani amevaa kitenge chenyewe, na kila mtu anaona gunia lipi ni lake.

Niliona jambo hili tangu tulipovuka kutoka Kongo na kupewa kiwanja Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, lakini sikulifikiria mpaka niliporudi kutoka chuo kikuu na shahada ya kompyuta na hofu zangu zote. Mama mdogo, ambaye ni mwenyekiti wa kikundi cha wamama wauza chisense, aliniomba kitu kimoja: ukurasa ambao mama aliyeko Mantapala angeuuliza kwa simu kama gunia lake limefika, kabla hajapanda gari kuja ziwani. Safari ya bure inakula nauli na siku nzima ya shamba.

"Kama inatusaidia juma ya kwanza, utaendelea nayo, kikundi itakulipa," alisema. "Kama haisaidie, tunarudia vile tulikuwa."

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza, na sikuona nyingine ikija nyuma yake.

Wapakiaji wa visiwani, ambao husafiri na mzigo, waliandika kwa simu jinsi gunia lilivyo: kitenge, kisiwa, mtumbwi. Mtumbwi ukifika walithibitisha, na hapo tu gunia liliingia kwenye ukurasa. Ukurasa uliunganisha maneno hayo kuwa ufunguo mmoja, na kwa kila ufunguo uliweka uzito wa gunia. Funguo zote zilikaa pamoja katika kile ambacho waandishi wa programu wanakiita safu. Safu ina tabia ya afisa wa ofisini: ukiitajia ufunguo kamili inakupa kitu chako, ukiacha herufi moja inasema hakuna. Lakini mama wa Mantapala hajui ni mtumbwi gani uliobeba gunia lake. Anajua kitenge tu. Basi nikaandika maagizo ya kupitia funguo moja moja na kuuliza kila moja: neno hili limo ndani yako? Zenye neno zinabaki, nyingine zinaachwa. Ikibaki hata moja, ukurasa unajibu, "Gunia lako limefika."

Nilihangaika sana. Itakuwaje mtu akiandika kwa herufi kubwa? Akiacha nafasi mbele ya neno? Tena, neno likiwa mwanzo kabisa wa ufunguo, lugha ya programu niliyotumia inajibu kwamba lipo nafasi ya sifuri, na usipokuwa mwangalifu sifuri hiyo inasomwa kama "hapana". Hilo niliangalia, nikanywa chai, nikaangalia tena.

Juma hilo la kwanza la majaribio lilianza na sikukuu ya wamama kanisani. Wamama wote wa kikundi walikuwa wamenunua kitenge kimoja, cha kijani chenye njiwa weupe, wakashona sare. Mimi pia nilishonewa, nikacheza nacho mbele ya altare. Mabaki ya kitambaa hayakutupwa. Yalikatwa vipande, yakapelekwa visiwani.

Mimi ninayewaza kila kitu sikuwaza kitu nilichokuwa nimekivaa.

Asubuhi mitumbwi ya kisiwa cha Chisenga ilipofika, wamama wa Mantapala waliandika "njiwa" kwenye simu zao, na kila mmoja akaambiwa limefika. Wote wakapanda gari. Nilikuwa nimeketi kwenye kibaraza cha duka la mama mdogo nilipowaona wakishuka, kijani kitupu.

Mama mmoja mrefu, mtoto mgongoni, alizunguka magunia yote.

"Yangu iko wapi?"

"Ulituma kisiwa gani?" mama mdogo akamwuliza.

"Kilwa."

"Mutumbwi ya Kilwa haijafika."

Mama mrefu akanigeukia. "Simu ilisema imefika."

"Ile programu inajua kuleta batu," mwenzake akasema. "Samaki njo haijui."

Wengine wakacheka. Mama mrefu hakucheka. Alikuwa ameacha mihogo juani bila mtu wa kuiangalia.

Mama mdogo hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. "Lori ya magunia inapakia," alisema. "Mbele haijaenda, uniambie kama inatengenezeka ao hapana."

Wazo langu la kwanza lilikuwa la woga: kudai ufunguo kamili, ili nisikosee tena. Huo ungekuwa ukurasa usiomsaidia mtu. Nikainua macho. Wamama walikuwa wamesukuma magunia yote ya njiwa upande mmoja, wakiulizana: la Chisenga? Mtumbwi gani? Lundo lilipungua kwa kila swali. Hakuna aliyetegemea kipande kimoja kimwambie yote. Lakini mimi, mtu aliponipa kipande, nilimjibu kana kwamba amenipa kitu kizima.

Nikafungua kompyuta juu ya magoti. Kwanza nikaruhusu maneno zaidi ya moja, na ufunguo ubaki tu ukiwa nayo yote. Halafu nikafuta ile sentensi yenye kiburi. Mahali pake nikaandika: "Haya yanafanana na ulichoandika. Lako ni lipi?" na chini yake kisiwa na mtumbwi wa kila gunia. Nikakosea nukta, nikarudia.

"Bamayo," dereva wa lori akamwita mama mdogo kwa heshima ya Kibemba, "lori yangu haina kompyuta, ina injini. Tuende, mukwai."

"Injini yako ilizima mara ngapi juma iliyopita? Ngojea."

Nikampa mama mrefu simu. Akaandika "njiwa kilwa". Ukurasa ukajibu kwamba hakuna gunia la namna hiyo lililofika bado.

Aliusoma, akanirudishia simu. "Bon," alisema. "Ingesema hivi asubuhi, ningebaki na mihogo yangu."

Mama mdogo akamlipia nauli ya kurudi, kisha yeye mwenyewe akapanda lori karibu na dereva.

Kesho yake nilikaa nikitazama maswali yakiingia. "njiwa kilwa," kutoka Mantapala. Hakuna. Baadaye tena. Hakuna. Nilianza kuogopa kwamba nimeharibu upande wa pili sasa, kwamba gunia halitaonekana hata likifika. Mtumbwi wa Kilwa ulipofunga kamba, mpakiaji akathibitisha mzigo, na swali lile likarudi. Safari hii mstari mmoja ukatoka, na mkono huko Mantapala ukaugusa: ni hili.

Mama mrefu alifika mchana, peke yake, bila mtoto, amevaa kitenge cha njiwa. Hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja kwenye gunia lake, akalipiga kofi la mapenzi, akanitazama kibarazani.

"Weye," alisema, "siku ingine usiniambie imefika. Niulize tu, vile unauliza sasa."

Mama mdogo, aliyekuwa amerudi na lori, alikuwa akihesabu kamba. Hakuinua kichwa. "Utaendelea nayo. Juma ijayo utaongeza na wale wamama ba Pweto, ng'ambo ya ziwa," alisema. "Wao hawako kanisa moja, kila kanisa na kitenge yake, utauliza mingi zaidi."