Mstari wa Majani Mabichi

Kwa miaka ishirini na sita mama mmoja alifyeka majani mahali ambapo watu waliuana. Wenzake kazini walimwita Bi Fyekeo, na jina likamganda hata nje ya kazi, mpaka siku moja akaletewa kadi ya harusi iliyoandikwa hivyohivyo, Bi Fyekeo na familia. Hakukasirika. Alisema angalau fyekeo halijawahi kumsaliti.

Kazi yenyewe ilikuwa ya serikali, idara ya mambo ya kale. Uwanja wa vita ulikuwa bonde pana lenye mto mwembamba chini yake na vilima viwili, kimoja mashariki, kingine magharibi. Karibu miaka mia nyuma majeshi mawili yalikutana hapo, moja likitokea ng'ambo ya mto, jingine likishuka kutoka milimani, yakapigana siku nne. Vilivyobaki vya kuonekana kwa macho vilikuwa vichache: mizinga miwili iliyopakwa rangi nyeusi, jiwe la kumbukumbu ambalo nusu ya herufi zake zilikuwa zimefutika, chumba cha makumbusho kilichovuja, na majani. Chini, mashine ya kukatia majani ilipita bila shida. Kwenye miteremko ilipinduka, kwa hiyo huko alifyeka kwa mkono.

Mtu akifyeka sehemu moja miaka yote hiyo huijua kama mama anavyokijua kichwa cha mwanawe anayemsuka kila wiki. Bi Fyekeo alijua wapi fyekeo litagonga jiwe na wapi mguu utatumbukia. Akiokota kitu, risasi iliyoota kutu au kipande cha bati, alikifunga kwenye kitambaa na kukipeleka ofisini, akaeleza alipokitoa. Mkuu wa kituo, mwanamume mpole aliyevaa tai hata jua likiwa la kupasua kichwa, alikipokea kwa mikono miwili na kukitia kwenye droo. Droo ikijaa, ilianzwa nyingine.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alifanya kazi hapohapo getini, kwenye kibanda cha bati cha kuuza maji na vitu vya ukumbusho: kofia za jeshi za plastiki, mizinga midogo ya kuweka mezani, vikombe vyenye picha ya bonde. Asubuhi walitoka pamoja, jioni wakarudi pamoja kwenye nyumba yao ya vyumba viwili, binti akizungumza njia nzima na mama akiitikia kwa kichwa. Walipendana kwa namna hiyo.

Kisha ukaja mpango wa mnara. Kampuni moja ya utalii ilikubaliana na idara kujenga juu ya kilima cha magharibi mnara wa ghorofa nne, wenye mgahawa juu na duka kubwa chini. Kutoka kileleni ingevutwa kamba ya chuma hadi ng'ambo ya mto. Mgeni angefungwa mkanda, angesukumwa, na kuteleza hewani juu ya uwanja wote kwa sekunde arobaini. Kilima cha magharibi kilichaguliwa kwa sababu ramani ya zamani ilionyesha kwamba vita havikufika huko. Binti aliahidiwa usimamizi wa duka jipya. Siku hiyo alirudi nyumbani akielea, akachukua karatasi akamchorea mama yake rafu zote, moja baada ya nyingine. Bi Fyekeo alifurahi, tena kwa moyo mweupe. Alimwona binti huyu miaka sita akiungua ndani ya bati lile.

Mwaka huo mvua zilichelewa. Majani ya bonde zima yakageuka rangi ya kamba ya katani, yakawa yanavunjika yakikanyagwa. Ndipo, akipanda kilima cha magharibi na fyekeo begani, Bi Fyekeo akakiona kile alichokuwa amekiona mara mbili tu katika miaka yake yote ya kazi, kila mara mwaka wa ukame. Katikati ya ukavu ulipita mstari wa majani mabichi, ukikata kona kama meno ya msumeno. Kando ya mstari huo palikuwa na kipande kirefu cha kijani, mfano wa mkeka uliotandikwa. Mara ya kwanza alimweleza mkuu aliyekuwapo wakati ule, akajibiwa kwamba labda ni bomba la maji. Mara ya pili hakumwambia mtu.

Safari hii vilikuwapo vigingi. Injinia alikuwa amepigilia vigingi sita vyenye rangi nyekundu kuonyesha msingi wa mnara utakapochimbwa, na vinne kati yake vilisimama juu ya mkeka ule wa kijani.

Alikaa chini, fyekeo mapajani. Akakumbuka bustani yake nyuma ya nyumba, mahali ambapo zamani palikuwa na shimo la taka likafukiwa: mboga za pale ndizo zilizokuwa za mwisho kunyauka, kwa sababu udongo uliokwisha kuchimbwa hushika maji kuliko ule ambao haujaguswa. Akautazama tena mstari. Akautazama mkeka. Akainuka polepole, akatoka pale kwa kunyata, kama mtu aliyegundua kwamba chumba alichoingia kina watu wamelala.

Jioni alimweleza binti yake. Binti alisikiliza huku akiosha vyombo, na mgongo wake ukazidi kukaza.

"Kwa hiyo unataka kusema nini, Mama?"

"Nasema kuna watu pale."

"Kuna watu bonde zima. Ni uwanja wa vita." Akaweka sahani chini. "Mimi ningekuwa na kiti, Mama. Kiti na feni. Basi."

Bi Fyekeo akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani. Siku mbili alimeza maneno yake, akafyeka chini kabisa karibu na mto ili asivione vile vigingi. Siku ya tatu alisikia kwamba mashine ya kuchimba italetwa Alhamisi. Akapiga moyo konde, akaenda ofisini.

Mkuu wa kituo alimsikiliza hadi mwisho, akamkunjulia ramani na kumwonyesha kwamba kilima kile hakina alama hata moja. Alisema barua zimekwisha kutiwa saini. Alisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba paa la makumbusho limeoza, wageni wamepungua, na mahali pasipo na wageni siku moja patapimwa viwanja. Hakuwa mtu mbaya. Bi Fyekeo alijua kwamba anasema kweli, na ukweli ule ukamlemea. Hata hivyo hakuondoka. Aliomba jambo moja tu: injinia apande mnara wa tangi la maji uliokuwa nyuma ya ofisi, atazame.

Injinia, kijana wa haraka aliyekuwa na kofia ngumu na simu isiyonyamaza, alipanda kwa adabu tu, kumridhisha mama wa makamo. Ngazi ya chuma ilikuwa nyembamba. Alipofika juu akageuka upande wa magharibi. Simu yake iliita mpaka ikakata. Mkuu wa kituo alimwita mara mbili akiwa chini, asijibiwe.

"Mkuu," akasema hatimaye, bila kugeuka, "panda na wewe."

Mkuu akapanda na tai yake. Naye hakushuka. Mwishowe Bi Fyekeo, ambaye katika miaka ishirini na sita hakuwahi kukanyaga ngazi ile, akafunga kanga yake vizuri na kuwafuata.

Alichokuwa akikijua kwa miguu, sasa alikiona kwa macho. Ule mstari ulikuwa handaki la askari, nalo lote lilikuwa limejichora juu ya kilima, kona kwa kona, likatoa matawi, matawi yakashuka kuelekea mtoni. Kulikuwa na vijia vilivyounganisha handaki na handaki. Kulikuwa na duara ndogo za kijani kila mahali, kama makovu ya ndui, pale mabomu yalipoangukia. Siku nne za vita zilikuwa zimelala wazi chini ya jua, upande ambao ramani ilisema hapakuwa na kitu. Na pembeni, umenyooka kwa uangalifu uliopita yote mengine, ulikuwa ule mkeka. Bi Fyekeo alishika chuma cha ngazi kwa nguvu hata viganja vikamuuma, na hofu yake haikuwa ya kuanguka.

Mashine haikuja Alhamisi. Alikuja mtaalamu wa mambo ya kale, mama mwenye miwani mikubwa na sugu magotini, pamoja na watu sita wenye brashi na miiko midogo. Walikubaliana kufungua ncha moja tu ya mkeka. Bi Fyekeo aliombwa aondoe majani kwanza, akayaondoa kwa mkono, bila fyekeo.

Walipofika kina cha kiuno, wakawakuta. Walikuwa thelathini na mmoja katika sehemu ile iliyofunguliwa, wamelazwa chali bega kwa bega. Nguo zilikuwa zimekwisha, vifungo vimebaki. Jeshi la ng'ambo ya mto lilivaa vifungo vya shaba, jeshi la milimani vya pembe. Mtaalamu alianza kuvihesabu, akasimama, akavihesabu upya. Shaba, pembe, pembe, shaba, pembe. Waliouana siku nne walikuwa wamelazwa pamoja, bila kutenganishwa. Juu ya kila uso kulikuwa na mabaki ya kofia au kipande cha bati, kuuzuia udongo. Na chini ya kila kichwa kulikuwa na jiwe bapa, laini, la mtoni.

Mto uko chini. Kutoka pale hadi kilimani ni mwendo wa karibu nusu saa, tena wa kupanda.

"Nimefukua makaburi miaka thelathini," mtaalamu akasema, amepiga magoti. "Hili sijawahi kuliona."

Hakuna aliyejua nani alifanya kazi ile. Haikuandikwa popote. Mtu, au watu, baada ya siku nne za kelele, walishuka mtoni wakachagua mawe, wakapanda nayo, wakashuka tena. Bi Fyekeo alivua glavu zake na kusimama ukingoni mwa shimo, mikono imening'inia. Alikuwa amelima, amebeba maji, amezika mume. Alijua kazi ni nini. Alijaribu kuhesabu safari zile kichwani, akashindwa.

Saa ya chakula binti alifunga kibanda, akapanda kilima. Kwa siku kadhaa walikuwa wakizungumza kwa mkato. Alisimama kando ya mama yake, akatazama chini muda mrefu. Jiwe moja lilikuwa limetolewa ili lipimwe. Akauliza kama anaweza kulishika, akaruhusiwa. Alilipokea akifikiri ni jepesi, likamvuta mikono chini, ikabidi alikumbatie kifuani.

"Moja moja, Mama?" akauliza.

"Moja moja."

Akalirudisha taratibu. Alasiri ile alizitungua kofia zote za plastiki zilizoning'inia mbele ya kibanda na kuzifungia sandukuni. Wiki mbili baadaye zilirudi, kwa kuwa watoto waliziulizia, ila alizitundika nyuma.

Kaburi lilifukiwa tena na waliokuwamo wakaachwa humo, mawe yao mahali pake. Kampuni ilinung'unika, barua zikaenda zikarudi miezi mingi, mwisho ukajengwa mnara mfupi wa ghorofa mbili ng'ambo ya barabara, bila kamba ya chuma. Duka likawa dogo kuliko lile la kwenye karatasi. Binti kiti alipata. Feni bado anaambiwa asubiri.

Lakini habari zilikuwa zimetoka magazetini, na watu wakaja kuliko ambavyo kamba yoyote ingewaleta. Walikuja kwa mabasi, wakapanda kilima moja kwa moja. Ndani ya miezi mitatu miguu yao ilikuwa imechimba njia nyekundu juu ya kaburi lenyewe, na mvua ilipoanza, udongo ukawa unachukuliwa na maji. Waliokuja kuwaheshimu ndio waliokuwa wakiwafukua. Mkuu wa kituo alitaka kumwaga zege na kuzungusha uzio. Bi Fyekeo alimwomba msimu mmoja.

Aliacha majani yakue juu ya kaburi na juu ya mahandaki yote mpaka yakafika kiunoni. Kisha akafyeka njia moja tu, pana, inayozunguka taratibu, ikifika karibu bila kukanyaga. Hakuweka kibao wala kamba. Watu wakafuata palipofyekwa, wote, hata wale wa kelele. Alipoulizwa alijuaje, alisema hakuna anayependa majani yamtekenye magoti. Mtaalamu alilinakili jibu hilo kwenye daftari lake.

Siku moja katikati ya wiki alikuja bibi mmoja peke yake, kutoka mbali, na picha ya kijana mwenye vifungo vya pembe. Alikuwa babu yake, hakurudi. Akauliza ni yupi kati ya wale. Bi Fyekeo akamwambia kweli, kwamba hajui, na kwamba wataalamu nao hawajui. Akamshika mkono, wakaizunguka njia pamoja, akimweleza alivyolazwa kila mmoja wao, yeyote aliyekuwa. Bibi alivua viatu bila kuambiwa. Walipofika pale njia inapokaribia zaidi alisimama, na Bi Fyekeo akarudi nyuma hatua kadhaa kumpisha.

Upepo ulikuwa ukiyalaza majani upande mmoja. Bi Fyekeo alisubiri, amefunga mikono nyuma, wala hakukumbuka kwamba mteremko wa chini haujafyekwa mpaka bibi yule alipogeuka mwenyewe, akaomba maji ya kunywa.