Ukurasa wa Tisa

Nikisikia harufu ya karatasi ikiungua, narudi jikoni kwetu Nkubu. Dada alikuwa ameandika daftarini hadithi ya kuchagua njia: "Msichana akivuka mto, fungua ukurasa wa tisa. Akirudi nyumbani, wa kumi na mbili." Nilichagua mto. Ukurasa haukuwepo; nyanya, asiyejua kusoma, alikuwa ameung'oa kuwashia moto wa kupikia githeri. Nililia.

"Kwani huyo mtoto bado yuko ndani ya maji?" nyanya akauliza.

"Ndiyo! Na njia umeichoma wewe," dada akamjibu kwa hasira.

Nyanya akaacha mwiko, akaketi, akamvusha yule msichana yeye mwenyewe kwa hadithi ya mdomo, jiwe kwa jiwe.

Siku hizi naandika hadithi kama hizo kwenye simu. Msomaji akichagua mto, ng'ambo humkuta mwanamke mzee amemnyooshea mkono unaonuka moshi.