Kikombe cha Kabatini

Nilitoka Masasi na basi la alfajiri, mvua ikinyesha. Kipande cha barabara pale Somanga kilikuwa bado udongo mtupu. Basi likazama, tukashuka kusukuma, mwisho tukalala humo humo. Magotini nilipakata chungu alichofinyanga mama, zawadi kwa mwenye duka aliyeniitia kazi. Nilipofika Kariakoo kilikuwa na ufa tangu mdomoni hadi kitakoni. Mwenye duka huyo, Mwarabu wa mjini tuliyemwita Bi Mkubwa, alikipokea hivyo hivyo, akapanda rihani ndani yake.

Duka lake lilikuwa la vyombo: sahani, mabakuli, vikombe vya kauri. Chungu cha mama hunywa maji na kutoa jasho, lakini kauri hainywi kitu. Ukiinua kikombe chembamba kwenye mwanga, unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Na mteja wa Kariakoo hanunui kwa macho. "Gonga nisikie," atakwambia. Unagonga kwa kucha. Chombo kizima hulia. Chenye ufa hukohoa.

Tulikuwa wauzaji wawili. Mwenzangu alikaa Ilala, alikuja asubuhi na kuondoka jioni. Mimi nililala stoo na kula ghorofani kwa Bi Mkubwa. Kila alasiri kahawa iliteremshwa dukani. Ya mwenzangu ilikuja kwenye kikombe cha kauri chenye mstari wa dhahabu, pamoja na kisahani chake, kutoka kabati la kioo la Bi Mkubwa mwenyewe. Yangu ilikuja kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi, ambacho kilining'inizwa msumarini jikoni.

"Oyaa, mtu wa bati," alinitania, "midomo haijaungua?"

"Kunywa yako."

"Nakunywa. Hiki hakiunguzi, ujue."

Nilimwonea wivu hadi kwenye kugonga: akigonga sahani mbele ya mteja, niliomba ikohoe. Nikajitahidi kuuza kumzidi. Nikafagia, nikapandisha ndoo za maji, nikawapeleka wajukuu wa Bi Mkubwa madrasa. Bati likaja vile vile. Miaka ikaenda hivyo. Nikisikia kisahani kikilia ngazini, nilijua si changu.

Siku moja nikashindwa. Nikapanda ghorofani na begi langu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Naenda Tanga."

"Marahaba. Unarudi lini?"

"Sirudi."

Akajifuta mikono kwenye kanga, akafungua kabati, akatoa kikombe chenye mstari wa dhahabu, akamimina kahawa.

"Kaa basi, mgeni."

Nikaangalia mkekani. Wajukuu walikuwa wanakunywa chai kwenye vikombe vya bati. Cha Bi Mkubwa mwenyewe kilikuwa mbele yake, kimebanduka kuliko changu. Nilikuwa nimekula kwenye mkeka ule miaka yote bila kuviona.

"Kile changu kipo?" nikauliza.

"Kile cha nyumbani, mwanangu. Kunywa hicho, kahawa inapoa."

Nikanywa. Kweli, hakikuunguza. Niliwaonea wivu watoto wale kuliko nilivyowahi kumwonea mwenzangu, wakipuliza chai yao na kulalamika kuwa ni ya moto.

Wakati natoka nilipita karibu na chungu cha mama mlangoni. Ufa ulikuwa umepanuka, mizizi ya rihani imechungulia nje. Nacho, kinachobaki pale, nikakionea wivu. Nikashuka ngazi.