Ng'ombe Ambao Hakuna Aliyewatoa

Binti wa mke wangu alianza kwa kutoa pole. Asubuhi moja alijifunga khanga mbili kama mtu anayekwenda msibani, akaingia kwa jirani wa kwanza hapa Bweri, mjini Musoma, na kumwambia, "Poleni kwa kufiwa." Jirani alikuwa anakaanga maandazi. Hakuna aliyekuwa amekufa. Kabla jua halijawa kali alikuwa amepita nyumba zote za mtaa wetu, mpaka kule zinakojengwa mpya, akawapa pole hata mafundi waliokuwa juu ya paa.

Mimi nilikuwa mnadani Bunda, nauza mitumba. Habari ilinifikia kwa simu mbele ya wateja, na jambo la kwanza nililofanya ni kusogea pembeni wasisikie. Sikuuliza kama amekula, wala kama ameumia. Nilimuuliza mama yake, "Watu wamemwona?"

"Si watu ndio amewaendea!" akasema.

Nimezunguka sana maishani: visiwani, machimboni, mpakani. Kila nikikaa mahali naanza kukumbuka nilikotoka. Hata Bukima, nilikozaliwa, napapenda zaidi nikiwa mbali. Nilipohamia kwa mama yake, binti alikuwa darasa la saba. Aliniita baba mdogo, kwa adabu, tukaishi kama wapangaji wawili wanaosalimiana vizuri. Sasa alikuwa amemaliza kidato cha nne, halali usingizi, hali chakula, anaongea haraka mpaka midomo inamkauka. Mzee mmoja aliyepewa pole alipata homa wiki ile ile, na mtaa ukaanza kusema kwamba binti anaita vifo.

Mama yake alitaka hospitali. Majirani walitaka jambo jingine. "Ugonjwa wa kichwa ni wa ukoo," walisema. "Mrudisheni kwenye ng'ombe zake."

Kwetu mtoto hufuata ng'ombe. Ukoo uliotoa mahari ndio wenye mtoto, na mambo yake makubwa yanamalizwa huko. Baba yake binti alikuwa mtu wa Butiama, akaenda machimboni zamani na hakurudi. Nilijua vizuri kwamba hakuwahi kutoa hata mbuzi, maana mama wa binti aliniambia mwenyewe. Lakini nilikubaliana na majirani haraka kuliko walivyotarajia. Mama yake alilia. Nikamwambia ni mila. Mila inafaa sana mtu akitafuta pa kukimbilia.

Butiama tulimkuta shangazi yake, dada wa yule baba, anaanika mihogo juu ya mwamba. Binti akamwambia, "Poleni kwa kufiwa." Nikataka kuomba radhi, lakini shangazi aliipokea. "Asante mwanangu, tumeshapoa," akasema, akamwonyesha jiwe la kukaa. Kisha akanigeukia.

"Umemleta kutusalimia, au umemleta?"

"Nimemleta, dada. Ni damu yenu. Mzigo huu ni wa kwenu."

"Ng'ombe za mama yake zilitokaga boma lipi? Hili? Nionyeshe pengo."

Nikainama kufuta vumbi kwenye kiatu.

"Na wewe unayelala kwa mama yake, umetoa ngapi?"

"Bado tunajipanga."

"Miaka yote hiyo mnajipanga! Mnajenga reli?" Alicheka mpaka akaacha mihogo. Halafu kicheko kikakatika. "Ungekuja kuniambia mtoto anaumwa, twende hospitali, ningefunga mlango tukaenda wote. Lakini umekuja kumwaga mzigo."

Hatukupewa hata maji, na sikuyastahili. Tulishuka mpaka Makutano kusubiri gari la kurudi Musoma. Binti hakusema neno njiani, na kwa siku zile ukimya wake ulikuwa kitu kigeni. Nikamnunulia soda. Akaishika bila kuinywa.

"Baba mdogo," akasema, "naumwa, lakini masikio yangu mazima. Sasa tunaenda kwa nani?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama abiria anayetaka kujua kituo kinachofuata. Ningependa kuandika kwamba hapo ndipo nilipoanza kumpenda kama mwanangu. Hapana. Ilikuwa aibu tu. Ndiyo iliyonipandisha garini, ikanishusha mjini, ikanipeleka naye hospitali moja kwa moja badala ya nyumbani.

Walimlaza. Alipopata usingizi, maneno yake yakapungua kasi, na zile pole zikaisha. Siku ya kutoka nesi alituonyesha dawa. "Anameza kila jioni, na mtu mzima amwone akimeza. Akipata nafuu atataka kuziacha. Nani anashinda naye nyumbani?"

Mama yake hununua dagaa Bukima, na mara nyingine hulala huko huko. Nikasema, "Mimi."

Binti akacheka, kile kicheko chake cha siku zote ambacho nilikuwa nimekisahau. "Huyu? Sista, huyu hakaagi. Muulize hata vijiko vinawekwaga wapi."

Nesi naye akacheka, akanitazama akisubiri. Sikujua vijiko vinawekwa wapi.

"Atajifunza," nesi akasema, akampa binti dawa zake.

Mnada wa Bunda nimemwachia mwenzangu. Nauza nguo chache hapa barazani, na miguu inaniwasha. Wiki iliyopita nilifunga mkoba. Nilijiambia ni safari ya siku mbili tu, ingawa nazijua safari zangu za siku mbili. Binti alikuwa anachambua mchele, akauona mkoba mlangoni.

"Nenda tu, baba mdogo. Nitameza."

Hakukuwa na lawama katika sauti yake. Alikuwa ameshazoea. Nikaurudisha mkoba ndani, nikaleta maji. Akameza, kisha akafungua mdomo na kuinua ulimi, kama nesi alivyomfundisha, ili nihakikishe. Msichana mkubwa, na cheti chake cha kidato cha nne kabatini, amesimama mbele yangu mdomo wazi. Nikatazama sakafu.

"Angalia vizuri," akasema. "Si ulisema ni wewe?"

Nikaangalia.