Friji Aliyoizima Mzee Salumu

Nakumbuka mchana mmoja wa jua kali kule Kasanga, mwanangu, nilipokuwa nesi kijana. Nilikuwa nimeshuka kutoka Sumbawanga, kwenye baridi yetu ya kuvaa sweta asubuhi, nikapangiwa zahanati ya kando ya ziwa. Sikuwa na ndugu kule. Jioni nilikuwa nikiongea Kifipa peke yangu chumbani, ili tu nisikie sauti ya nyumbani.

Umeme wetu ulitoka kwenye jenereta moja la kijiji. Mwanzo liliwasha taa na friji ya chanjo, likatutosha. Baadaye watu wakanunua feni, kisha friji za soda na samaki, kila mwenye uwezo akaunga waya wake. Siwalaumu, joto la ziwani halina adabu. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Jenereta likaelemewa, likawa linazimika mchana kutwa.

Siku hiyo akina mama walifika na watoto mgongoni, wengine kutoka vijiji vya mbali. Nikafungua friji, nikakuta chanjo zote zimepata joto na kuharibika. Nikawaambia warudi nyumbani. Mama mmoja akaniuliza, "Nesi, na surua ikifika kwangu kabla ya dawa?"

 Nikatoka nje, nikalia. Mzee Salumu, aliyekuwa na duka la soda mkabala na zahanati, akaniona.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti. Umefiwa?"

"Hapana, babu. Chanjo zimeharibika. Umeme hautoshi."

Akainuka polepole. Kisha akaingia dukani, akachomoa waya wa friji yake, akarudi kuketi. "Soda ya moto haijaua mtu," akasema.

Hakumhubiria yeyote. Wateja wakamhama, wakafuata soda baridi kwingine, akabaki peke yake na chupa zake. Mchana nikawa naenda kula naye. Tulikula ugali na dagaa kimya, wapweke wawili. Ilichukua muda mrefu wenye friji wengine kuona haya, mmoja mmoja, nao wakazima. Chanjo zilipoletwa tena, zilidumu. Yule mama alirudi, mtoto wake mzima, nikamchanja.

Mzee Salumu alipofariki nilikuwa nimeshahamishwa. Hata kumzika sikumzika.

Leo wewe na wenzako mko Dar, madirisha mmefunga, kiyoyozi kinanguruma. Simu yako huja tu umeme ukikatika huko kwenu. Siku nyingine nyumba yangu hii ni kimya tu.

Sikwambii uteseke, mwanangu. Jenga nyumba inayopitisha upepo. Panda kivuli kabla ya kununua baridi. Ukitoka chumbani, zima. Kwenye waya huohuo yupo mgonjwa usiyemjua, mwachie nafasi. Wala usingoje kupigiwa makofi: anayetangulia kutenda haki hukaa peke yake kwanza, lakini wema hauozi.

Mungu akujalie watoto wenye afya, akupe usingizi mwema, na siku ukizeeka, akupe mtu wa kukujulia hali.