Walipokuja Kupima Upweke Nyumbani Kwangu

Nyumbani kwangu Hayes, huku kwa Waingereza, nakodisha vyumba kwa wasichana wa yunivasiti, Waarabu watupu, na kila mzazi huniletea mwanawe na sharti lake. Baba wa mmoja wao, Mmaskati, alikuwa na moja tu: binti akae kwangu, nami kila Ijumaa nimwambie hali yake. Siku nitakayosema hayuko sawa, anarudi Maskati, na masomo basi. Binti alilijua hilo. Mimi pia nililijua, na lilinipendeza. Nilipika miaka saba katika jumba la shangazi wa baba huyo, nikiitwa kwa kupigiwa makofi. Sasa mtoto wa ukoo ule alikuwa anabisha hodi jikoni kwangu kuomba chumvi.

Elimu yangu ni darasa la tatu Unguja na chuo cha Kurani. Kiingereza cha kusafishia vyoo vya uwanja wa ndege ninacho. Kiarabu cha jikoni nilikiokota Maskati, na herufi zake nazisoma tangu chuoni. Barua za kaunsili wananisomea wanangu, huku wakiangalia saa. Kwa hiyo alipokuja msichana mmoja wa Kiiraki, mwanafunzi, na furushi la fomu, nikaona zimeandikwa Kiarabu, nilijiona mtu. Alisema anapima upweke wa wanafunzi wanaosema Kiarabu.

"Unapima kwa kibaba au kwa mizani?" nikamuuliza.

Akacheka kwa adabu. "Kwa maswali ishirini, khala. Kila mmoja anajaza peke yake chumbani, haandiki jina, anafunga kwenye bahasha."

"Niachie. Nitawajazisha."

"Peke yao, khala."

"Nimesikia, mwanangu. Mimi mzee, si kiziwi."

Khala kwao ni mama mdogo. Wote huniita hivyo.

Jumapili mchana niliwakusanya wote sita kwenye sinia moja, wali na nguru wa kukaanga, kama desturi ya nyumba yangu. Nikavaa miwani nikasoma fomu. Mimi karatasi nimefundishwa kuisoma namna moja tu: mwalimu anatoa sauti, watoto wanaitikia. Ndivyo nilivyofanya.

"Je, unahisi huna mtu wa kumkimbilia?"

"Abadan!" wakaitikia. Yaani kamwe. Nani angesema jengine, na mkono wake umo kwenye wali wangu?

Yule wa Jordan akasema, "Khala, andika hivi: upweke nitaupata wapi, na asubuhi foleni ya choo ni watu watano!" Tukacheka sana.

Mmaskati hakuitikia. "Mimi nimeshajaza, khala," akasema. "Yule dada alinipa yangu mlangoni. Iko kwenye bahasha."

Bahasha niliiona juu ya friji. Nikainuka, nikaichana. Nyumba ni yangu.

"Khala, tafadhali, ile ni siri."

"Siri ya nini? Umeua mtu?"

Nikasoma. Hana wa kumkimbilia: siku zote. Watu wako karibu naye lakini hawako pamoja naye: siku zote. Hakuna anayemjua vizuri: siku zote. Wenzake waliacha kutafuna. Ningeweza kuishia hapo. Niliyasoma yote ishirini, na kila jibu nililisoma mara mbili.

"Hatuko pamoja nawe," nikamwambia. "Huyu samaki unayemla, nani alimfuata mpaka sokoni Tooting? Nguo zako nani anakuanulia? Kwenu mimi nilikula mlangoni pa jiko, baada ya paka. Mtu wa kuandika 'siku zote' ni mimi. Wewe unashiba kwanza, halafu unaandika!"

"Sikuandika juu yako, khala."

"Humu ndani nani mwengine anayekupikia?"

Akanong'ona, lakini wote walisikia. "Usimwambie baba. Nimebakisha mwaka mmoja. Nakuomba." Nilinyamaza ili aseme tena. Akasema mara tatu, vidole vimeganda wali, na mimi nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu nitoke Maskati.

Ijumaa baba yake akapiga simu. Neno moja, alhamdulillah, lingetosha, kama Ijumaa nyengine zote. Nikamsomea karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: "Hayo yamesomwa mbele ya watu?"

"Mbele ya wote."

"Basi anarudi."

Mwiraki alikuja kuchukua fomu. Zile tano nilikuwa nimezijaza mwenyewe, kamwe kutoka juu mpaka chini. Akazipekua, akaziweka mezani. "Hizi hazinifai, khala."

"Na hii?" Nikampa ya Mmaskati.

Aliiangalia bahasha iliyochanwa. "Hii ndiyo kabisa siwezi kuitumia." Akaondoka, hata chai hakunywa. Wasomi! Unawajibu vizuri, wananuna.

Nilimsindikiza binti kwa basi mpaka uwanja wa ndege, kwangu si mbali. Begi nilibeba mimi, maana alikuwa amekonda. Hakulia. Kwenye foleni ya mizigo akageuka. "Khala, matokeo yametoka jana. Nimefaulu mitihani yote. Mwambie baba wewe. Mimi nikimwambia atasema natafuta njia ya kurudi huku. Akiyasikia kwako, huenda akaniruhusu nimalize."

"Nenda, foleni inasogea," nikamwambia.

Kesho yake baba alipiga simu. Binti amefika salama. Akaniuliza magoti yangu, nikamwambia baridi inayala. Akaniuliza watoto, nikamwambia hawajambo. Akanishukuru kwa kumtunzia amana yake, akaniombea dua ndefu, nami nikaitikia amina kila alipopumzika. Mitihani hakuiuliza, nami sikumwambia.